Nyekundu 321 na sanduku la bati la mama wa Mabanga

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Chini ya kitanda cha mama mmoja wa mtaa wa Mabanga kuna sanduku la bati, lile ambalo wanafunzi huenda nalo intanati. Kijana wake wa kwanza alilitumia miaka sita, kisha likarudi nyumbani na kutu kidogo kwenye pembe. Leo ndani yake hamna daftari wala sabuni. Kuna nyuzi za broderi, rangi 287, kila rangi imezungushwa kwenye kipande cha katoni ya sabuni, na juu ya kipande namba imeandikwa kwa biki. Mwisho wa kila mwezi anazihesabu. Watoto wakipiga kelele katikati ya hesabu, anarudi kwenye moja.

Mama huyu anauza makala. Magunia yanashushwa mbele ya parseli yake asubuhi, naye anayafungua na kuyagawa kwa mafungu ya wale wasioweza kununua gunia zima, na hao ndio wengi. Mchana kutwa mikono yake ni myeusi hadi kwenye viwiko. Jioni ananawa: sabuni, kisha ndimu, kisha sabuni tena, halafu mswaki wa zamani kwa ajili ya kucha. Akishakauka anaketi mlangoni penye mwangaza, au kando ya taa ya jua ikiwa giza limeshaingia, na kufungua kitambaa cheupe kabisa juu ya magoti yake. Wapita njia huuliza inakuwaje muuza makala akachagua kazi ya kitambaa cheupe. Jibu lake halibadiliki: «Ndiyo maana nanawa.»

Kazi yenyewe ni mshono wa msalaba, ule ambao masista waliufundisha kwa jina la Kifaransa, point de croix. Mama yake mzazi aliujua akiwa msichana kule Bukavu, katika foye moja ya akina mama, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Foye hizo ziliwafundisha wanawake kupika, kufua, kutunza watoto na kushona, kwa namna ambayo mkoloni aliona inamfaa mke wa karani. Ukoloni ulikwisha, sindano ikabaki. Ingia leo katika saloni nyingi za Goma au Bukavu, utakuta kitambaa kilichoshonwa kwenye mgongo wa kila kiti, na kingine juu ya televisheni, hata kama televisheni yenyewe ilikufa zamani.

Binti alifundishwa akiwa na miaka minane, kwenye kipande cha gunia la mchele, kwa sababu gunia lina karo zake tayari na halina gharama. Uzi ulikuwa wa sweta za mitumba zilizofumuliwa. Baadaye alipandishwa cheo, akapewa kitambaa cha miraba midogo myeupe na ya buluu, msalaba mmoja kwa kila mraba. Mama yake alikuwa na tabia moja ambayo hajaisahau. Ukimletea kazi, hakuangalia mbele. Aligeuza upande wa nyuma kwanza. Akiona fundo, au uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jingine kama daraja la kamba, alikurudishia bila neno.

Kwa asiyejua, kazi hii inaonekana kama kuchora kwa uzi. Kwa kweli ni kuhesabu. Kitambaa kinachopendwa kinaitwa Aida, kimefumwa kwa namna ya kuacha tundu kila baada ya nafasi ileile. Aida ya 14 ina misalaba 14 katika inchi moja, yaani mitano na nusu hivi katika sentimita. Picha yenye misalaba 140 kwa upana na 140 kwa urefu inatoka na ukubwa wa sentimita 25 na kidogo kila upande, na ndani yake, ukiijaza yote, kuna misalaba 19,600. Kitambaa kinakunjwa mara mbili ili kupata katikati, na mshonaji anaanza hapo, maana anayeanza pembeni anaweza kugundua baada ya miezi mitatu kwamba kichwa cha ndege hakina nafasi. Uzi una nyuzi sita nyembamba pamoja. Kwa Aida ya 14 unatoa mbili tu, na unazitoa mojamoja, la sivyo zinajifunga. Mguu wa juu wa kila msalaba ulale upande uleule, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ukigeuza mmoja, mwanga wa jioni utakusema.

Mpaka mwaka 2012 alishona kwa nyuzi za soko tu. Kutafuta nyekundu Birere kulimaanisha kwenda na kipande cha nyekundu ya zamani mkononi, kukilinganisha dukani chini ya taa mbovu, na kumwomba Mungu. Mwaka huo wifi yake anayeishi Ubelgiji alimtumia mfuko wa plastiki wenye mabaki ya nyuzi, aliyoyanunua kwa bei ya mkate katika soko la vitu vya zamani. Zilikuwa za DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746. Kila kifungu kilikuwa na mita 8 na karatasi ndogo nyeusi yenye namba. Hapo ndipo alipojua kwamba 310 ni nyeusi, na kwamba ni nyeusi ileile Brussels, Kigali na Goma, mwaka huu na mwaka ujao. Binti yake, aliyekuwa darasa la sita wakati huo, anakumbuka mama yake ameketi sakafuni na vile vifungu, akivipanga kwa namba usiku kucha, mafuta ya taa yakiisha.

Tangu siku ile akawa na shughuli mbili, ingawa yeye mwenyewe alidhani ni moja. Kulikuwa na kushona, na kulikuwa na kukusanya. Orodha kamili ya rangi hizo ina 500. Kijana wake aliiandika yote katika kaye ya karo, naye akawa anafuta kwa biki kila namba iliyoingia sandukuni. Kila msafiri aliyekwenda Kigali au Kampala alipewa karatasi yenye namba tano au sita. Wengine walirudi na rangi sawa lakini namba nyingine, wakishangaa kwa nini mama hafurahi. Zikaongezeka sindano za namba 24 na 26, zile zisizo na ncha kali kwa sababu tundu lipo tayari. Zikaja tamburi nne, zile pete mbili za mbao zinazobana kitambaa kikae kama ngozi ya ngoma. Mikasi midogo yenye umbo la ndege, mitatu, wakati mkono unaokata ni mmoja. Na vitambaa vya Aida vilivyokunjwa ndani ya mfuko, vikingoja kazi ambayo haijachaguliwa.

Bwana yake ni mwalimu wa sekondari, mtu mpole. Kwa miaka mingi alisema jambo moja tu, tena kwa kutabasamu: «Mama watoto, siku ya njaa tutapika namba ngapi?» Naye alimjibu: «Namba 310. Si ndiyo ninayouza kwa gunia?» Lakini mwaka 2018 utani uliisha kwa muda. Dola 15 zilizokuwa zimewekwa kwa minervali ya mtoto wa tatu zilikwenda Kigali na msafiri, zikarudi zikiwa vifungu vya kijani. Mtoto alikaa nyumbani siku tatu. Mama hakujitetea. Kwa miezi minne hakununua uzi wowote, na alipoanza tena alitenga kopo lake mwenyewe, la faida ya vumbi la makala, lile linalobaki chini ya gunia na ambalo watu hununua kwa bei ndogo.

Siku nyingine bwana yake alimwambia kwamba hata hivyo ni kazi ya wazungu. Binti ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa amesoma shuleni habari za Wakuba wa Kasai: wanaume husuka kitambaa cha nyuzi za majani ya mrafia, na wanawake hukijaza kwa sindano, wakikata ncha za uzi hadi kiwe laini kama mahameli, na hufanya michoro yao ya pembe na mistari bila karatasi mbele yao. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miezi mingi. Mwalimu alinyamaza, maana yeye ndiye aliyemlipia shule.

Kazi zilizokwisha si nyingi ukizilinganisha na nyuzi zilizopo. Kuna ndege wawili juu ya tawi, sasa wako kwa mama mkwe. Kuna okapi, na huyo anastahili sifa: hakutoka katika modeli yoyote ya kununua. Kijana alimchora mwenyewe kwenye kaye ya karo, mraba kwa mraba, miguu yenye mistari ya 310 na nyeupe, mwili wa kahawia za aina nne. Kuna waridi lililoharibika kwa sababu modeli ilitolewa kwenye simu na kuchapwa kibandani bila rangi, ikawa wekundu na ukijani vyote ni kijivu kimoja. Akashona petali tatu za kijani kabla ya kustuka. Na kuna Karamu ya Mwisho, kubwa, iliyoanza mwaka 2014 na kusimama mwaka 2016 ikiwa na Bwana Yesu na mitume tisa. Waliokosekana ni watatu, Yuda akiwa mmojawapo. Wageni huhesabu, kisha huangalia pembeni kwa heshima.

Mwisho wa mwaka 2020 binti aliletewa posa. Mama akaahidi kitambaa cha meza ya heshima, chenye maua mekundu kuzunguka pande zote nne, misalaba kama 5,000 kila upande. Mahesabu yake ni kwamba kifungu kimoja, ukishona kwa nyuzi mbili na bila kupoteza, kinatoa misalaba 1,700 hivi. Kwa pande nne alihitaji vifungu kumi na viwili.

Na hapa ndipo ilipo siri ambayo nyumba nzima haikuijua. Vifungu hivyo alikuwa navyo. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya karatasi ya nailoni, kulikuwa na vifungu kumi na vinne vya nyekundu namba 321, vyote vikiwa na karatasi zao, havijakatwa. Alivikusanya kimoja kimoja kwa miaka saba. Ndiyo rangi aliyoipenda kuliko zote. Kila alipofikiria kukata kimoja, aliona seti inavunjika. Mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, na hakujua lini angepata vingine. Akaenda Birere, akanunua nyekundu ya kawaida, isiyo na namba, nzuri kwa macho. Aliijaribu kwa kuipitisha kwenye kitambaa chenye maji? Hapana. Mwanamke aliyeshona miaka arobaini alijua kwamba nyekundu ya bei rahisi hutoa rangi, na hakuijaribu, kwa kuwa alijua jibu lingekuwa gani na lingempeleka wapi.

Mwezi wa tano 2021 pande tatu zilikuwa zimekwisha.

Tarehe 22, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo ililipuka. Anga lilikuwa jekundu, na watu wa Goma hawahitaji kuelezwa: wenye umri wanakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto ulipopita katikati ya mji. Safari hii mto wa moto ulisimama Buhene, ukingoni mwa mji. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, nyufa zikatokea barabarani, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa kumi ya mji iondoke. Mabanga ilikuwemo.

Kila aliyekimbia siku ile anajua kwamba mlango wa nyumba unakuwa mahakama. Unachukua nini? Mwalimu alichukua vyeti, godoro moja, sufuria mbili na redio. Watoto walibeba unga na bidoni ya maji. Kijana alipata chukudu ya rafiki yake. Mama alitoka na sanduku. Hakuna aliyesema kitu. Sanduku likawekwa chini, godoro juu yake, na juu ya godoro furushi la nguo ambamo kitambaa cha harusi kilikuwa kimekunjwa katikati ya vitenge viwili. Bidoni ikafungwa pembeni ya furushi kwa mpira. Barabara ya Sake ilijaa watu, pikipiki, mbuzi, wazee migongoni mwa vijana. Ni zaidi ya kilomita 20. Walifika usiku.

Bidoni ilikuwa na ufa chini ya mdomo. Maji yalikuwa yakitoka polepole njia nzima.

Walipofungua furushi asubuhi, katika uwanja wa shule walikolala pamoja na familia nyingine nyingi, vitenge vilikuwa vimelowa, na kitambaa cheupe kilikuwa cha waridi. Si madoa. Rangi ilikuwa imetoka kwenye kila ua na kutembea, hapa nyepesi, pale nzito kama damu iliyofuliwa vibaya. Binti alikitandaza juu ya mawe. Akasema si kitu, mama, tumshukuru Mungu tuko hai, na alikuwa anasema kweli.

Mama akafungua sanduku kuangalia kama maji yaliingia. Hayakuingia. Alianza kutoa vipande vyote vya katoni, akavipanga juani, akifika chini akatoa karatasi ya nailoni. Binti akaona. Alisoma namba, kisha akahesabu kimoja kimoja hadi kumi na vinne.

«Mama, kumbe ulikuwa nazo?»

Mama hakujibu. Kwa siku kadhaa pale Sake hakushona, ingawa alikuwa na kila kitu cha kushonea, pengine kuliko mtu yeyote katika uwanja ule. Watu walitafuta maji safi, sabuni, dawa za kuhara. Mwanamke mmoja wa jirani, mama wa watoto wadogo, aliomba sindano na uzi wa kushona suruali iliyochanika. Alipewa 310, urefu wa mkono mmoja, kisha wa pili, kisha kifungu chote. Kesho yake walikuja wengine wanne. Nyuzi za kushonea Karamu ya Mwisho zilirudisha vifungo kwenye mashati ya watu wa Majengo na Virunga.

Mwezi wa sita serikali iliporuhusu watu kurudi, nyumba ilikuwa imesimama, na ufa mmoja ukutani. Magunia mawili ya makala yaliyoachwa nyuma ya nyumba hayakuwepo. Akaanza upya kwa mkopo wa kikundi cha akina mama, na jioni akakileta kitambaa.

Kila mshonaji ana mapishi yake ya kutoa rangi iliyovuja: chumvi, siki, maji ya moto. Yeye alifuata ya mama yake: maji baridi tu, mengi, na kitambaa kisikauke, wala pasi isikikaribie, kwani joto hufunga doa. Alikiloweka na kubadilisha maji siku mbili, na kwa Goma, ambako maji huchotwa na kulipiwa kwa bidoni, hiyo nayo ni gharama. Waridi ikafifia. Upande mmoja ulibaki na wingu jepesi la upana wa kiganja. Kisha akafumua. Kufumua misalaba 15,000 ni kazi inayomchosha mtu kuliko kuishona, maana unakata uzi kutoka nyuma bila kugusa kitambaa, unavuta vipande kwa kibanio, na mwishoni huna kitu cha kuonyesha ila matundu. Binti alimsaidia. Walifanya wiki tano, mara nyingi kimya, wakati mwingine wakicheka habari za bidoni.

Jioni moja ya mwezi wa nane mama alitoa karatasi ya nailoni, akachana lebo ya kifungu cha kwanza cha 321, akavuta uzi na kukata. Binti anasema alikata kama mtu anayekata kitovu, haraka na bila kuangalia sana.

Vifungu kumi na viwili vilikwisha kama mahesabu yalivyosema, ila msalaba mmoja mmoja mwishoni aliushona kwa mabaki ya sindano. Harusi ilifanyika mwezi wa kumi na mbili. Lile wingu la waridi liliwekwa upande wa nyuma wa meza, lakini mpambaji alikigeuza kitambaa bila kujua, likakaa mbele, chini ya keki. Wageni wawili waliuliza ni mtindo gani na unafanywaje. Mama mkwe wa binti, ambaye naye alikulia kwenye nyumba za masista, hakuuliza. Aliinua pembe ya kitambaa na kuangalia nyuma.

Siku hizi hesabu ya mwisho wa mwezi bado inafanyika, na orodha ya 500 bado inafutwa, ingawa polepole. Mpaka umelegea na wasafiri wa Kigali wanapewa karatasi zao. Vifungu viwili vya 321 vimerudi chini ya sanduku, bila karatasi ya nailoni. Kopo la vumbi la makala lina sheria mpya: hakinunuliwi kifungu kabla kimoja cha zamani hakijakatwa. Mwalimu ndiye anayeshika hesabu hiyo, kwa ukali usio wa lazima.

Karamu ya Mwisho imetoka mafichoni. Mitume wawili wameongezwa tangu Pasaka, kwa hiyo sasa anakosekana Yuda peke yake. Nguo yake katika modeli inataka buluu nzito namba 824, na sandukuni kuna kifungu kimoja tu cha rangi hiyo, kizima, chenye lebo, alicholetewa kutoka Kampala. Jumapili iliyopita alikikata. Bwana yake aliuliza kama kweli buluu nzuri hivyo inafaa kupewa Yuda. Alimjibu kwamba modeli imesema 824, naye anafuata modeli.